Insha Yangu ya Alama 18 kati ya 20, na Kwa Nini Haikumshawishi Mjomba

Nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa mada ya insha ya hoja: mauaji ya vikongwe kwa imani za kishirikina yakomeshwe. Mkoa wa Simiyu ulikuwa bado mpya wakati huo. Ulianzishwa mwaka 2012, na kabla ya hapo sisi wa Bariadi tulikuwa watu wa Mkoa wa Shinyanga. Niliandika kurasa tatu na nusu, nikapata alama 18 kati ya 20, na insha yangu ikasomwa mbele ya darasa. Siku hiyo nilitembea kama mbunge.

Likizo ilipofika nikaenda nayo kijijini kwa mjomba. Baada ya chakula cha usiku nikamsomea yote. Mjomba ni msikivu, hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema: "Umeandika vizuri, mjomba. Lakini hujanijibu. Ng'ombe wangu wanne walikufa ndani ya wiki moja. Kwa jirani hapo hakufa hata mmoja. Kwa nini mimi?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Kurasa tatu na nusu, na swali lake halikuwemo hata kwenye mstari mmoja.

Hivi karibuni niliikuta insha ile kwenye sanduku la madaftari ya zamani. Nimeisoma upya kwa jicho ninalotumia sasa kusomea makala za utafiti, na nimegundua kitu kinachoniumiza kidogo: insha ya kupinga ramli ilikuwa imejaa makosa yaleyale ya kimantiki yaliyomo kwenye ramli. Nimezungumza na wenzangu waliosoma shule nyingine za Kanda ya Ziwa, na wengi wanaikumbuka insha kama hii. Aya zilezile, mpangilio uleule. Kwa hiyo leo naihakiki insha yangu, lakini kusema kweli ni insha yetu wote.

Kama unadhani ni mchezo wa darasani tu, kumbuka ukubwa wa jambo. Takwimu za serikali ambazo watafiti huzinukuu zinaonyesha kuwa kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilikuwa Usukumani. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akiandika kuhusu mauaji haya tangu miaka ya 1990. Hoja mbovu hapa haimkoseshi mtu alama tu. Inaweza kumwacha bibi wa watu bila mtetezi.

Kwanza, tuisikilize hoja tunayoipinga

Kosa la kwanza la insha yangu ni kwamba haikuieleza hoja ya upande wa pili. Ilisema tu kuwa kuna watu "wenye imani potofu", kisha ikaanza kupiga. Ni kama kusimamisha sanamu ya kufukuzia ndege shambani, ukaipiga ngumi ikaanguka, kisha ukajisifu kuwa umeshinda pambano. Mtu halisi hujampiga.

Hoja halisi inakwenda hivi. Msiba umetokea: mtoto amefariki, ng'ombe wamekufa, shamba limekauka. Mambo makubwa hayatokei bure, yana mtendaji. Mganga anapiga ramli na kusema mtendaji ni mtu wa karibu, mwanamke wa makamo au mzee, anayekuchekea mchana. Mwenye msiba anarudi nyumbani, anawaza, na jina linamjia. Anamtazama mhusika: macho mekundu. Basi.

Angalia kuwa si hoja ya kichaa. Ina swali, ina mtaalamu, ina ushahidi wa kuonekana kwa macho, ina hitimisho. Mwaka 1937 Evans-Pritchard alichapisha kitabu chake kuhusu Waazande, ambao baadhi yao wako katika nchi inayoitwa sasa Sudan Kusini, na akalieleza jambo hili kwa mfano wa ghala. Ghala la nafaka linaanguka na kuwaumiza watu waliokaa kivulini chini yake. Waazande wanajua vizuri kuwa mchwa wamekula nguzo. Hawabishi. Wanachouliza ni kwa nini liliwaangukia watu hawa, saa hii. Mchwa wanaeleza ghala limeangukaje. Uchawi unaeleza kwa nini limemwangukia huyu.

Hilo ndilo swali la mjomba. Hakuuliza ng'ombe hufa vipi. Ni mfugaji, anajua kuliko mimi. Aliuliza kwa nini wake. Nami nilikuwa nimejiandaa kujibu swali lingine kabisa.

Aya ya pili: "wanaoamini hawajasoma"

Aya ya pili ya insha yangu ilisema kuwa imani hizi ni za watu wa vijijini wasio na elimu. Darasa lilipenda sana aya hiyo. Sisi si tulikuwa wasomi bwana, kidato cha tatu!

Hapa kuna makosa mawili. La kwanza ni la ukweli. Mwaka 2010 taasisi ya Pew ya Marekani ilichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika nchi 19 za Afrika. Kwa Tanzania, watu 93 kati ya kila 100 waliohojiwa walisema wanaamini uchawi upo. Kwa kiwango hicho hakuna namna ya kusema ni jambo la washamba wachache wa Usukumani. Wamo walimu, wamo wauguzi, wamo wanachuo. Pengine nawe umo, na sikulaumu.

La pili ni la kimantiki: kumshambulia msemaji badala ya anachosema. Hata kama kila anayeamini jambo fulani hajasoma, hilo halikuambii kama jambo lenyewe ni kweli au uongo. Bibi asiyejua kusoma akikwambia mvua inakuja, hufungui cheti chake, unatazama mbinguni.

Kuna hasara nyingine pia. Unayemwita mjinga hasikilizi tena hoja yako, anaanza kulinda heshima yake. Mbinu hii inamfurahisha anayekubaliana nawe tayari na inamfukuza yule uliyetaka kumbadilisha. Mwalimu alikuwa tayari upande wangu. Mjomba hakuwa.

Aya ya tatu: wakubwa wamesema

Kisha nikaandika kuwa serikali, dini na sayansi vyote vimekataa uchawi. Nguzo tatu kwa mpigo. Ukizitikisa moja moja, hazina uimara niliodhani.

Serikali? Ni kweli kwamba mwezi Januari 2015, baada ya mauaji na ukatwaji viungo wa watu wenye ualbino, ilipiga marufuku waganga wapiga ramli chonganishi. Lakini nchi ina Sheria ya Uchawi, iliyotokana na sheria ya mkoloni ya mwaka 1928, ambayo inamwadhibu mtu anayejidai kuwa na uwezo huo. Mwanakijiji akisikia kuna sheria dhidi ya uchawi, unadhani anahitimisha kuwa uchawi haupo? Dini? Biblia na Kurani zote zinautaja. Ukimpeleka mtu kwenye kitabu chake ili akaone uchawi haupo, atarudi akiwa na aya mkononi. Sayansi? Hapo nilikuwa nalitumia neno sayansi kama mganga anavyotumia vibuyu: kitu cha kutisha, hukifungui ukaonyesha kilichomo ndani.

Kumtegemea mtaalamu si kosa kila mara. Bwana mifugo akikwambia dalili hizi ni ndigana kali, una sababu ya kumwamini, kwa kuwa anaweza kuchukua damu na kukuonyesha. Kosa ni kumtaja mkubwa mahali ambapo ulitakiwa kutoa sababu. Na ukumbuke, mganga naye ni mkubwa. Ukiligeuza suala kuwa la nani mkubwa kuliko nani, yeye yuko jirani na serikali iko Dodoma.

Aya ya nne: macho na moshi

Hii ndiyo aya niliyojivunia, na ndiyo iliyonipa kazi kubwa zaidi kuisoma upya.

Niliandika kuwa macho ya vikongwe ni mekundu kwa sababu ya moshi wa kupikia, na kwa hiyo wao si wachawi. Sehemu ya kwanza ni kweli, na ina historia ndefu kuliko nilivyojua. Wakati wa ukoloni vichaka na misitu katika eneo la Shinyanga ya zamani vilikatwa kwa makusudi ili kuangamiza mbung'o, na mashamba, ya pamba yakiwemo, yakaendelea kula miti iliyobaki. Kuni zikawa adimu mpaka ikabidi mradi wa HASHI uanzishwe mwaka 1986 kurudisha miti, kwa kutumia pia utaratibu wetu wa ngitili. Pasipo na kuni watu hupikia miti mikavu ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Moshi wake unauma, na anayeinama juu ya mafiga kwa miaka hamsini ni mwanamke. Ongeza vumbi, jua na magonjwa ya macho ambayo hayakutibiwa. Kwa maneno mengine, uamuzi kuhusu mbung'o uliofanywa karibu miaka mia iliyopita unaonekana leo kwenye macho ya bibi.

Ukweli mzuri kabisa. Tatizo ni lile neno nililoweka baada yake: "kwa hiyo".

Fikiria. Ninaposema "macho yake ni mekundu kwa moshi, kwa hiyo si mchawi", nimekubali kimyakimya kuwa rangi ya macho ni ushahidi. Nabishania chanzo tu. Sasa itakuwaje kwa bibi mwenye macho mekundu ambaye mkwewe ndiye humpikia miaka yote? Je, huyo nimemwachia? Nilidhani nakata kamba, kumbe nilikuwa nalegeza fundo moja na kukaza lingine.

Pigo sahihi liko mahali pengine, na methali moja inatusaidia kuliona. Tunasema dalili ya mvua ni mawingu. Sawa. Lakini mkulima yeyote wa Bariadi ameshaona mawingu meusi yakipita juu ya pamba yake yakaenda kunyesha upande wa Serengeti. Mvua ikija lazima kuna wingu. Wingu likija si lazima kuna mvua. Vivyo hivyo, hata tukimkubalia mtu kuwa wachawi wote wana macho mekundu, haifuati kuwa mwenye macho mekundu ni mchawi. Sentensi mbili zinafanana kwa sura, lakini moja haizai nyingine.

Tupige hesabu. Tuseme kijiji kina wanawake wazee 60, na 45 kati yao wana macho mekundu. Tumpe anayetuhumu kila anachotaka: kuna mchawi mmoja kati yao, na wachawi wote wana macho mekundu bila kukosa. Sasa achukue mmoja wa wale 45. Uwezekano kwamba amempata mlengwa ni 1 kati ya 45. Uwezekano kwamba amemkamata asiye na hatia ni 44 kati ya 45, karibu asilimia 98. Na hapo tumemkubalia kila kitu! Hatujabishana kama uchawi upo. Hatujataja moshi hata kidogo.

Maelezo ya mganga hayaongezi kitu pia. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 kila mmoja karatasi yenye maelezo ya tabia yake, eti yametokana na jaribio walilofanya. Wakayapima kwa alama 0 mpaka 5 jinsi yanavyowaelezea. Wastani ulikuwa zaidi ya 4. Kumbe karatasi zote zilikuwa na maneno yaleyale, mengi ameyatoa kwenye kitabu cha unajimu. "Mtu wa karibu, mwanamke, anakuchekea mchana" ni karatasi ya Forer. Nani hana mtu kama huyo? Mganga hakutaja jina. Jina umelileta wewe kutoka kwenye ugomvi wenu wa mpaka wa shamba, kisha unashangaa amejuaje.

Aya ya mwisho: huruma na methali

Nilifunga kwa picha ya bibi anayelia gizani, kisha nikaweka methali.

Kuhusu huruma sitaomba radhi sana. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliiweka hisia kati ya njia tatu za kushawishi, pamoja na tabia ya msemaji na hoja yenyewe. Hisia si kosa ikiwa inaelekea palipo na ukweli. Lakini kuna kitu sikukiona. Mtu anayetuhumu naye anasukumwa na huruma: mtoto wake amekufa. Machozi yangu dhidi ya machozi yake. Hisia ikishindana na hisia, aliyefiwa anashinda.

Kuhusu methali ndiyo naomba radhi. Shuleni tulifundishwa kuwa insha nzuri hufungwa kwa methali, na tukaanza kuamini kuwa methali ni ushahidi. Haraka haraka haina baraka. Haya, na ngoja ngoja huumiza matumbo? Methali zetu ni hazina, lakini zimetungwa kwa kila upande. Ukitaka kuona hatari yake, sikiliza methali inayotajwa uvumi unapoanza kumzunguka bibi fulani: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Itazame vizuri. Jambo likionekana, methali ni kweli. Lisipoonekana, methali bado ni kweli, subiri tu. Hakuna siku itakayokosea. Kauli isiyoweza kukosea haijakuambia chochote kuhusu bibi.

Ndiyo namna tuhuma yenyewe inavyofanya kazi. Akikana, wachawi hukana siku zote. Akinyamaza, amekosa la kusema. Akilia, anaigiza. Asipolia, ana moyo mgumu.

Utafiti wa Meatu

Kitu ambacho insha yangu ilikosa kilikuwa kimeshachapishwa, na kinahusu Meatu, wilaya iliyo ndani ya mkoa wetu. Mwaka 2005 mchumi Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha utafiti uliokusanya taarifa za vijiji 67 vya Meatu kwa miaka 11. Aliuliza swali rahisi: mauaji ya wanaotuhumiwa uchawi hutokea miaka gani?

Jibu: miaka ya mvua mbaya, yaani ukame au mafuriko, mauaji hayo yalikuwa takriban mara mbili ya miaka mingine. Waliouawa walikuwa hasa wanawake wazee, na mara nyingi waliohusika walikuwa ndugu. Mauaji ya aina nyingine hayakupanda pamoja na mvua. Na miaka ya milipuko ya magonjwa ya binadamu, ambayo ndiyo hasa watu huwasingizia wachawi, mauaji haya hayakuongezeka vilevile.

Kwa nini utafiti huu una nguvu kuliko aya zangu zote? Kwa sababu ya mvua. Hakuna mtu kijijini anayeamua mvua inyeshe kiasi gani. Ukilinganisha mwaka mbaya na mwaka mzuri katika kijiji kilekile, watu ni walewale, imani ni zilezile, macho ya bibi ni yaleyale. Kilichobadilika ni chakula ndani ya nyumba. Kama imani peke yake ingekuwa chanzo, kila mwaka ungefanana, na miaka ya magonjwa ingekuwa mibaya zaidi. Haikuwa hivyo. Inaelekea kwamba kaya inapobanwa, imani inampa mtu sababu ya kumwondoa yule anayehesabiwa kuwa mzigo.

Ni maneno magumu kuandika, na nayaandika kwa tahadhari. Ni wilaya moja, na taarifa nyingi zilitoka kwenye kumbukumbu za watu. Na mwenye imani anaweza kujibu kuwa wachawi ndio wanaozuia mvua. Lakini sasa angalau tunajadili kitu kinachopimika.

Tukifika kwenye suluhisho tusianguke wenyewe. Miguel anataja kuwa katika jimbo la kaskazini la Afrika Kusini mauaji ya namna hii yalipungua katika kipindi ambacho pensheni ya wazee ilipanuliwa, miaka ya 1990. Inavutia, kwa sababu mzee mwenye pensheni si mzigo tena, ni mlango wa fedha. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi Sh 20,000 kwa mwezi. Ningependa kuandika kuwa pensheni inamaliza mauaji. Lakini "kilikuja baada ya, kwa hiyo kimesababishwa na" ndilo kosa la mjomba na ng'ombe wake. Kipindi hichohicho Afrika Kusini ilibadilika kwa mambo mengi. Tuseme ni jambo lenye sababu nzuri za kujaribiwa na kupimwa, tuishie hapo.

Mzigo ambao sikupaswa kuubeba

Sasa niseme kosa kubwa kuliko yote. Haliko kwenye aya yoyote, liko kwenye mpango mzima. Nilijitwisha kazi ya kuthibitisha kuwa uchawi haupo. Nani ameweza hilo? Na kwa nchi ambayo 93 kati ya 100 wanaamini, maana yake ni kuwa bibi hataokolewa mpaka kwanza tubadilishe imani ya taifa zima.

Dai nililohitaji lilikuwa dogo zaidi: hakuna ushahidi dhidi ya mtu huyu. Dai hilo anaweza kulikubali hata anayeamini wachawi wapo, kama vile wewe unavyoamini wezi wapo bila kukubali kuwa jirani yako ni mwizi. Katika uandishi wa hoja hili ni somo ambalo halifundishwi vya kutosha. Pima ukubwa wa dai lako. Dai dogo lililokamilika linafanya kazi kuliko dai kubwa linalovuja.

Na dai hilo dogo lina swali lake moja, ambalo ningeliandika leo mahali pa zile kurasa tatu na nusu: kama mtu huyu hana hatia, ningeona nini tofauti na ninachokiona sasa?

Lijaribu. Kama hana hatia, macho yake yangekuwa meupe? Hapana, moshi ni uleule. Asingekana? Angekana. Ng'ombe wasingekufa? Kupe hawamuulizi. Mganga asingesema "mwanamke wa karibu"? Angesema tu. Ikiwa kila unachokiona ungekiona hata kama hana hatia, basi huna ushahidi. Una huzuni, una hasira, una jina. Ushahidi huna. Ndilo swali tunalotumia kwenye takwimu tunapolinganisha nadharia mbili, ila hapa halihitaji kikokotoo.

Mwaka jana nilimrudia mjomba. Safari hii sikusoma kitu, nilianza na swali lake. Tukahesabu pamoja tofauti kati yake na yule jirani. Jirani alikuwa akiogesha ng'ombe kwenye josho kila wiki, mjomba alikuwa ameacha miezi kadhaa kwa sababu ya umbali. Malisho yao yalikuwa tofauti. Hakuna aliyepima damu wakati ule, kwa hiyo sikumwambia nimepata jibu. Nikamuuliza lile swali langu moja.

Alikaa kimya kidogo, akasema: "Basi kwa ramli ile hata mimi ningeweza kutajwa." Kisha akaongeza, ili nisije nikajidanganya, kuwa wachawi wapo na anawajua. Sawa mjomba. Hatukugombana.

Kama wewe ni mwalimu wa Kiswahili au unasimamia klabu ya mdahalo, naomba ujaribu kitu kimoja mada hii itakaporudi, na itarudi. Kabla mwanafunzi hajaandika aya ya kupinga, mwambie aandike hoja ya upande wa pili mpaka mtu anayeiamini aseme "ndiyo, hicho ndicho ninachosema". Akifika hapo, mpe alama kumi. Zilizobaki azitafute kwa kuijibu.